Kikulacho Pikapu Ki Chini ya Rangi

Katika maboma ya Shianda na vijiji vinavyoizunguka hapa Mumias Mashariki, si ajabu kukuta pikapu ya zamani imeegeshwa kati ya ghala la mahindi na shamba la miwa. Iliachwa pale siku klachi ilipokataa, ikasubiri malipo ya miwa, na miaka ikapita. Magurudumu yamezama, nyasi zimefika mlangoni, na kuku wanatagia chini ya usukani. Kila Desemba jamaa wanaporudi nyumbani swali huzuka upya: tuifufue, au tuwaite watu wa vyuma chakavu? Ninaamini kwamba nyingi kati ya pikapu hizi zinaweza kufufuliwa papo hapo bomani, na watu wenye shughuli nyingine, kwa pesa zinazopatikana kidogo kidogo. Lakini hufanikiwa anayefuata mpangilio unaofaa, na mpangilio huo ni kinyume cha ule tuliouzoea. Wengi huanza na injini, kisha hukimbilia rangi. Anayetaka gari lidumu huanza na kutu, kwa sababu katika mvua ya kaunti hii ya Kakamega kinachoua pikapu ni maji yaliyojificha ndani ya bati, na injini mara nyingi huwa ya mwisho kufa.

Inafaa kwanza kujua gari hilo lilikuja kufanya nini. Mwaka 1973 kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa, na mwaka huo huo Rais Jomo Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi wa umma. Mambo hayo mawili yaliipa pikapu kazi ya kutwa: asubuhi mbolea na mbegu, jioni abiria waliotazamana kwenye mabenchi mawili chini ya turubai. Peugeot 404, iliyozinduliwa 1960, na 504, iliyozinduliwa 1968, ndizo zilizojijengea jina katika kazi hiyo, na 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya, mjini Mombasa. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zilizodai mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kwa kila matatu, hazikuacha nafasi kwa mabenchi ya aina ile. Kwa hiyo anayefufua pikapu leo aifufue kwa ajili ya mizigo ya shamba na soko, au kwa kuitunza kama kumbukumbu ya familia. Hesabu ya nauli aiondoe kabisa kichwani.

Sifa ya magari haya haikuzuka hewani. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 pekee yakafika mwisho; mwaka 1968 yakaanza 93, na waliomaliza wakawa 7 tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki, akiwa ndani ya 404. Ushindi huo ulizaa imani kwamba gari hili haliharibiki, na imani hiyo imewaponza wamiliki wengi. Tuangalie mbio zile zilipima nini hasa. Zilipima injini, gia, springi na moyo wa dereva kwa siku chache za matope. Hazikupima yale ambayo matope hufanya yakikaa miaka thelathini ndani ya kingo za milango. Gari la mbio lilioshwa na kukaguliwa na mafundi. Pikapu ya bomani hulala nje na tope lake. Injini iliyoshinda Safari bado inaweza kuunguruma leo huku sakafu iliyoibeba ikibomoka kwa kidole.

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, na ikipata chumvi hukimbia. Eneo la Kakamega hupokea karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wetu mwekundu hurushwa na magurudumu hadi nyuma ya madigadi na ndani ya kingo za chini ya milango. Barabara hukauka kwa siku moja. Tope lililojazana kwenye vyumba hivyo hubaki na unyevu wake kwa wiki. Juu ya hayo, pikapu za nchi ya miwa zimebeba mbolea. DAP na CAN ni chumvi: punje zinazomwagika huingia kwenye maungio ya sakafu ya mizigo, huvuta unyevu na kula bati mwaka mzima. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba na kuinua rangi. Kile kipele kidogo unachokiona nje ni mwisho wa safari iliyoanzia ndani. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa na watu akilini, lakini kwa gari msemo huo ni kweli neno kwa neno, na nguo yenyewe ni rangi.

Kabla ya kushika spana, shika karatasi. Pikapu nyingi za bomani zimeandikishwa kwa jina la mzee aliyefariki, na hakuna aliyewahi kuhamisha umiliki. Bila barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, umiliki hauwezi kuhamishwa kihalali, na ukitumia pesa zako kwenye gari la mali ya urithi bila makubaliano ya familia, unapanda mahindi katika shamba lenye kesi. Kaeni kikao, mkubaliane kwa maandishi nani atamiliki na nani atalipa nini. Kisha linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye logibuku, kwa sababu pikapu nyingi zilibadilishiwa injini bila mamlaka kuarifiwa. Injini au rangi ikibadilika, kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nazo zinapaswa kubadilishwa. Anayepuuza hatua hii huenda akamaliza kazi nzuri sana, kisha akakosa bima, na bila bima ya mtu wa tatu sheria haimruhusu kuingia barabarani.

Hatua ya pili ni kuliondoa gari juu ya nyasi na kuliweka chini ya paa. Nyasi hutoa unyevu usiku kucha na kuulisha chuma kutoka chini. Banda la nguzo nne na mabati, lililo wazi pande zote, linafaa kuliko turubai iliyofungwa kwa kamba, kwa kuwa turubai huzuia mvua lakini hufungia mvuke ndani. Mwaga murami au kokoto chini, kisha uinue gari kwa stendi imara au magogo mapana ya mti mgumu. Usilitegemeze kwa matofali, maana hupasuka ghafla, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ndipo uchukue bisibisi na nyundo ndogo, ugonge kila sehemu na kusikiliza. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa sauti ya kufa. Gonga kingo za chini ya milango, pembe za sakafu chini ya miguu ya dereva, sehemu ya chini ya kioo cha mbele, maungio ya kibini na sehemu ya mizigo, na hasa vikombe vilivyo ndani ya boneti vinavyoshika ncha za juu za shoka za mbele. Shoka hizo hubeba uzito wa mbele wa gari, na vikombe vikiachia, usukani hautakuwa na maana tena.

Uchunguzi huo ndio unaoamua kama kazi iendelee, na hapa inatakiwa kusema ukweli hata kama unauma. Madigadi, sakafu na kingo zilizotoboka ni kazi ya kawaida. Lakini vikombe vya shoka vikiwa vimeoza pande zote mbili, na mihimili ya chini nayo ikimomonyoka, gari hilo lifanye kuwa ghala la vipuri vya jingine. Hakuna aibu katika hilo: milango yake, vioo, difu na gia vinaweza kuinusuru pikapu ya jirani ambayo mifupa yake bado ni mizima. Kufufua pikapu mbili mbovu kwa kuziunganisha kuwa moja nzuri ni busara, mradi namba ya chesisi inayobaki barabarani iwe ile iliyo katika logibuku halali.

Pikapu ikifaulu mtihani huo, kazi ya bati ianze, nayo ina kanuni chache zisizokubali njia ya mkato. Ondoa betri, tangi la mafuta na mabomba yake kabla ya kuwasha moto wowote, na usikubali kamwe tangi kuukuu lichomelewe, kwa sababu mvuke wa petroli hubaki ndani hata tangi likionekana kavu. Pima nafasi za milango na kuziandika kabla ya kukata kingo, kisha chomelea vyuma vya kushikilia kwa muda ndani ya fremu ya mlango. Ukikata bila kushikilia, kibini hujikunja na mlango hautafunga tena. Kata hadi ufikie chuma kinachong'aa. Ziba kwa bati jeusi la geji 18 au 20. Usitumie mabati ya kuezekea: ni membamba mno, na zinki iliyoyafunika hutoa moshi unaoleta homa kwa anayeuvuta. Mashine ya rodi inayochomelea mageti hutoboa bati la gari, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi. Aweke nukta ndogo ndogo akiruka huku na huku, apoze, kisha arudi kujaza nafasi. Mshono mrefu wa mara moja hupinda bati.

Vipande vidogo vilivyoshikwa na kutu, kama bawaba, mabano na boliti zilizo ngumu kupatikana, unaweza kuvisafisha nyumbani kwa magadi yale yale yanayolainisha maharagwe. Yayeyushe katika ndoo ya plastiki yenye maji, ning'iniza kipande ndani yake kikiwa kimeunganishwa na upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na upande wa chanya uunganishwe na chuma cha kawaida kisichogusana na kipande. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa kuwa kromiamu yake hutoa sumu majini. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, maana mapovu yanayotoka yana haidrojeni inayolipuka, na zima chaja kabla ya kutia mkono. Baada ya saa kadhaa kutu itaachia kwa brashi. Kausha kipande na ukipake praima siku hiyo hiyo, kabla hewa yenye unyevu haijaanza kazi yake upya.

Hapo fundi wa injini atapinga, na hoja yake inastahili kusikilizwa. Atasema kwamba huwezi kutumia pesa kwenye bati kabla ya kujua kama gari litawaka. Amesema nusu ya ukweli. Kuipima injini mapema ni lazima. Kuifungua mapema ni kosa. Mimina oili kidogo kwenye matundu ya plagi, iache siku mbili tatu, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka, badilisha oili, pima mgandamizo wa kila silinda na uandike. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha oili ndani yake na upime tena: kipimo kikipanda, pete za pistoni zimechoka, kisipopanda, tazama vali au gasketi. Umeshapata jibu unalolihitaji kwa gharama ndogo. Injini iliyofunguliwa Januari na kukaa mezani hadi Agosti ikisubiri bati likamilike hupoteza boliti, hukusanya vumbi na kuanza kutu yake yenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha, nayo inatokana na jinsi mashine hii ilivyoundwa. Injini za petroli za 404 na 504 zina slivu zinazozungukwa moja kwa moja na maji ya kupozea. Muundo huo ni baraka, kwa maana slivu iliyolika hutolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni yake bila kuchonga bloku. Lakini silinda hedi ikishaondolewa, hakuna kinachozikandamiza slivu mahali pake. Mtu akizungusha injini kabla ya kuzibana, slivu huinuka kidogo, gasketi zake za chini huachia, na maji huingia kwenye oili. Difu ya 404 nayo ina gurudumu la meno la bronzi linalozungushwa na skrubu, na baadhi ya oili za difu za kisasa zina kemikali za salfa zinazoila bronzi. Muulize muuzaji kama oili yake ni salama kwa bronzi kabla ya kuimwaga ndani. Gari la zamani halihitaji fundi wa miujiza. Linahitaji fundi anayejua ni gari gani lililo mbele yake.

Bati likishakuwa zima, shughulikia breki na usukani kabla ya kuiwasha injini kwa safari yoyote. Mipira yote ya breki ya zamani ibadilishwe, hata ile inayoonekana mizima, kwa sababu huoza kutoka ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yaliyokaa miaka ndani ya mabomba yameshakula silinda zake. Vitambaa vya breki vya miaka ile vinaweza kuwa na asbesto, basi usipulize vumbi lake kwa hewa wala kwa mdomo. Liloweshe maji, lipanguse kwa kitambaa na ukitupe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, hivyo isugue kwa msasa wa maji, ukiwa umefunika pua, na watoto wakae mbali. Watu wa bomani hawapaswi kulipia fahari ya gari kwa mapafu yao.

Wapo watakaosema vipuri vya magari haya vimekwisha. Kwa 504 hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa gari hilo halikuwa la Ufaransa na Kenya pekee. Liliundwa Kaduna nchini Nigeria hadi miaka ya 2000, liliundwa Argentina, na pikapu yake iliundwa hata Guangzhou nchini China. Gari lililotengenezwa kote huko huacha nyuma yake vipuri vingi na watu wanaoendelea kuvitafuta. Maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi yamezoea kutafutia watu sehemu za magari ya zamani, mradi ubebe kile cha zamani mkononi au picha yenye vipimo. Kwa 404 kazi ni ngumu zaidi, hasa vipande vya bodi na taa, na hapo ndipo gari lililohukumiwa kuwa ghala linapoonyesha thamani yake. Usitupe kipande chochote cha asili kabla ya kushika mbadala wake mkononi.

Hoja nzito zaidi ni ya pesa: kwa nini nisinunue Probox iliyotumika, nianze kazi kesho? Kama unahitaji gari la kukuingizia kipato wiki hii, nunua. Sitamshauri mtu aweke karo ya mtoto ndani ya madigadi. Lakini anayepima kufufua kwa bei ya jumla anasahau kwamba Probox inadai pesa zote siku moja, na pikapu ya bomani inakubali kulipwa kwa hatua: msimu huu bati, msimu ujao breki. Sharti lake ni kwamba kila hatua ikamilike na kufungwa kabla ya nyingine, na theluthi moja ya bajeti ibaki bila kuguswa, kwa maana kila bati unalolifungua huonyesha jingine lililooza. Wale wa vyuma chakavu nao hununua kwa kilo, na mzani haujui kama kilo hiyo ni mlango mzima wa 404 au mabaki ya jembe. Hata biashara yao ilisimamishwa na serikali Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na miundombinu, ikarejeshwa miezi michache baadaye. Ukiamua kuuza, uza kwa anayetafuta vipuri, maana yeye ndiye anayejua anachonunua.

Rangi ije mwisho, na ije polepole. Fila iliyopakwa juu ya kutu hunyonya maji kama sifongo, na praima ya kawaida hupitisha unyevu, kwa hiyo gari lenye praima lisilale nje hata usiku mmoja. Msimu wenyewe uwe kalenda yako: kuchomelea na kupaka rangi kati ya Desemba na Februari, na mvua za Machi hadi Juni ziwe za kazi ya mezani, kabureta, stata na pampu ya maji. Ukishamaliza rangi ya nje, rudi ndani ya vyumba vilivyofichika, upulizie nta au grisi iliyolainishwa kwa oili safi. Oili chafu ambayo wengi huimwaga chini ya gari hulainisha na kuvimbisha mipira, kisha hudondoka na kufuata mitaro hadi Mto Nzoia. Lami iliyopakwa juu ya kutu haisaidii pia, kwa kuwa hufungia unyevu ndani na kuficha ushahidi. Zaidi ya yote, zibua matundu madogo yaliyo chini ya milango na kingo. Waliounda gari waliyaweka ili maji yatoke, na katika pikapu nyingi yamezibwa na tope au na fundi aliyedhani ni kutu imetoboa.

Kazi ya namna hii haipimwi siku ya kwanza kuendesha, wakati rangi inang'aa na majirani wamesimama kando ya njia. Ipime asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza. Inua mkeka wa upande wa dereva, upitishe mkono hadi pembe ya sakafu, kisha uingize kidole kwenye tundu la chini ya mlango. Ukikuta maji, tafuta yalikopitia siku hiyo hiyo, kabla hujawasha injini. Mkono ukitoka mkavu, pikapu imepona.